Mikebe Iliyoota Jua

Mkebe wa tatu wa kifusi ulipita kipimo kama miwili iliyotangulia. Fundi wa maabara alikuwa amezungusha mpini wa mashine taratibu, mkono bila kusita, macho yakiruka kati ya saa mbili ndogo zilizofungwa juu ya chuma. Moja ilionyesha nguvu inayosukuma. Nyingine ilionyesha jinsi nguzo fupi ya chuma inavyozama ndani ya kifusi. Nguvu ilipanda na kupanda, nguzo ikazama kwa shida, kama mtu anayekanyaga sakafu akitaka iingie ndani.

Foremani wa barabara, ambaye kila mtu alimwita Fasta kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko jina lake, alikuwa ameegemea mlango tangu mkebe wa kwanza. Alicheka, akamwambia fundi, ambaye alimwita shemeji kwa kuwa mumewe alikuwa kibarua wake, kwamba safari hii kifusi kimekula chuma.

"Nilikwambia ni mzigo mzuri," alisema. "Kesho asubuhi malori ya lami yapo hapa. Fasta fasta, shemeji, kabla mvua haijatuona."

Fundi alifurahi naye. Kilikuwa kifusi cha kipande cha barabara cha mbele ya soko, tabaka la msingi ambalo lami ingelazwa juu yake, na vipande viwili vya nyuma vilikuwa vimekataa kupita mara ya kwanza. Udongo wowote ukikauka ni mgumu. Hata matope ya mlangoni pako, yakipigwa jua wiki nzima, yatakuvunja kidole. Ndiyo sababu kabla ya kusukumwa, mikebe ya kifusi kilichoshindiliwa hulazwa ndani ya maji siku nne mfululizo, ili ijulikane kitabaki nini wakati mitaro imejaa na magari mazito yanapita juu. Kipimo chote kimesimama juu ya maji hayo.

Na maabara haikuwa na maji. Kijiko cha kuchimbia cha mkandarasi yuleyule anayejenga barabara kilikuwa kimelikata bomba kikichimba mtaro, likaachwa limepasuka, kila idara ikisema ni la idara nyingine. Fundi alipomwendea mkuu wa maabara kumuuliza mikebe ilazwe wapi, mkuu, mtu nadhifu wa miwani na shati lisilojua vumbi, alimjibu bila kuinua uso: afanye anavyojua, ila matokeo anayataka kwa wakati. Amri ya namna hiyo ni tamu kwa anayeitoa. Mambo yakinyooka ni yake, yakipinda ni ya mwingine.

Basi alifanya alivyojua. Mume wake, dereva wa rola ya kushindilia kwenye barabara hiyohiyo, aliipakia mikebe kwenye gari la kazi, akaipeleka nyumbani, na ikatumbukizwa kwenye pipa kubwa la uani, vyuma vyake vya uzito vikiwa juu. Kanuni zilikataza sampuli kutoka nje ya maabara. Fundi, mume wake na mkuu, wote watatu walizijua kanuni.

Mkuu alisoma matokeo, akaitikia kwa kichwa, akasema atatia saini asubuhi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu fundi aajiriwe. Alimwambia kazi nzuri.

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua wa nyuma wenye ukuta mfupi. Maji ya bomba mtaani yalikuja kwa zamu, mara nyingi mchana, wakati mwingine hayakuja. Mapipa yalikuwa mawili: dogo la nyumba, na kubwa ambalo kwa siku hizo lilikuwa la mikebe. Mama mkwe, aliyehamia kwao baada ya paa lake kuanguka, alikuwa ameambiwa asiliguse pipa kubwa. Aliambiwa kwa adabu, lakini aliambiwa, na hakuwa mwanamke aliyezoea kuambiwa.

Fundi aliingia alasiri hiyo akiwa mwepesi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akikunja sare ya shule ya mjukuu wake. Fundi alimwamkia, akavua viatu, akasema kwamba ile mikebe imekwisha kazi, na sasa Mama anaweza kulitumia pipa kubwa apendavyo.

"Ahsante," alisema mama mkwe. "Ila sikuwa nimelingoja."

Fundi alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Akamuuliza ana maana gani.

"Nina maana mtoto anavaa shati jeupe kila siku na pipa dogo halifui hata soksi. Ningengoja mpaka lini, mpaka ninuke? Ukitoka nilikuwa naitoa mikebe yako, nafua, naoga. Maji ya bomba yakija najaza, narudisha mikebe yako vilevile, na vile vyuma juu yake. Wala sikuiangusha hata mmoja. Niliipangusa."

"Uliiweka wapi, Mama, ukiitoa?"

"Ukutani pale. Chini kuna tope, ingechafuka."

Fundi alitazama ukuta. Jua la alasiri lilikuwa bado limeukumbatia wote, na juu yake zilionekana alama tatu za mviringo, za kutu, zimepangana vizuri kama visahani. Aliuliza ni siku ngapi. Aliuliza kwa sauti ndogo, kwa sababu jibu alikuwa amekwisha kulisoma ukutani.

"Kila siku, mwanangu. Isipokuwa Jumapili, ulikuwepo." Kisha mama mkwe aliona uso wa mkwewe, na badala ya kulegea akakaza. "Nyumba hii udongo una pipa lake, mimi nina ndoo. Nimekaa kimya. Leo ndiyo nasema."

Fundi aliketi palepale kizingitini, kiatu kimoja mkononi. Mchana kutwa juani, usiku majini kidogo, kesho yake juani tena. Alichokisukuma asubuhi kwa jasho lake lote hakikuwa kifusi cha masika. Kilikuwa kifusi kilichoota jua kama mjusi, na yeye alikuwa amekiandikia sifa.

*

Mume alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Habari za matokeo zilikuwa zimemfikia kazini na alikuwa ameingia akiimba. Mke alifunga mlango wa chumba, akawasha redio, kwa sababu ukuta ulikuwa wa kushirikiana na jirani na jirani alikuwa na masikio mazuri. Akamweleza.

Mume alisikiliza amesimama. Kwanza alitaka kujua kama Mama ana hakika. Kisha akataka kujua kama inaleta tofauti kubwa, maana mikebe si ilirudi majini kila jioni. Mke akamwambia hajui tofauti ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo penye ugonjwa: hakuna anayejua.

"Basi kama hujui, nyamaza."

"Siwezi kunyamaza kitu ambacho nimekiandika mimi. Lile tabaka halijapimwa. Nimepima jua."

Mume alikaa kitandani, vumbi na yote. Alimkumbusha, polepole, kama anamfundisha mtoto njia ya nyumbani, kwamba yeye ni kibarua. Rola isipotembea, halipwi. Aliye na ajira ya kudumu humu ndani ni mmoja tu. Akisema kesho kwamba alizipeleka sampuli nyumbani, mkuu hatasema nilimruhusu. Atasema kanuni. Na kipande kikisimama, wenzake wote wa rola, wa greda na wa gari la maji watarudishwa makwao, na watajua ni mke wa nani.

"Unataka niwaambie nini wale? Kwamba mama yangu alikuwa anafua?"

"Waambie hivyo. Si uongo."

"Mama watoto, watanicheka mpaka nihame mji."

Alikuwa amefikia pabaya zaidi na alijua. Hakuogopa njaa kama alivyoogopa kicheko. Alivua buti, akaligonga chini udongo utoke, akagonga tena. Bonge la udongo mwekundu liligoma kutoka kwenye unyayo. Mke aliliinamia, akalibandua kwa kidole, akalifinya. Lilinyooka kati ya vidole vyake kama mshumaa uliopata joto.

Alimuuliza limetoka wapi. Mume alikwangua kwanza unyayo wa buti la pili. Halafu akasema kwamba gari la maji likipita kumwagilia, kipande kile cha mbele ya soko kinanata kwenye gurudumu la rola. Kinanata mpaka analazimika kushuka kulikwangua. Vile vipande vingine havikuwa hivyo. Machimbo ya kifusi yamebadilishwa, au wamefika chini kwenye udongo wa mfinyanzi. Fasta alimwambia asijali, jua likiwaka kitakaza.

"Ulijua."

"Mimi naendesha rola. Kujua ni kazi yenu."

Lilimtoka kabla hajalipima, na lilipotoka hakuwa na namna ya kulirudisha. Mke alizima redio. Wote wawili walisikia kigoda cha Mama kikisogezwa nje ya mlango.

*

Asubuhi fundi alimkuta mkuu kalamu tayari mkononi. Fasta alikuwepo, ameketi juu ya gunia la saruji, akimsubiri mkuu atie saini ili aondoke na karatasi. Fundi aliomba waongee wawili. Mkuu alisema hapa hakuna siri, aseme.

Akasema. Alisema kwa utaratibu, kama anavyosoma saa za mashine: mikebe ilikuwa wapi, ilitolewa lini, ilirudishwa lini, na kwamba matokeo ya jana si matokeo. Hakusema neno lolote juu ya aliyemwambia afanye anavyojua. Alimwachia mkuu nafasi ya kulisema mwenyewe.

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nani alikuruhusu kutoa sampuli maabara?"

Fundi alimtazama. Fasta alitazama viatu vyake. Kuna watu wakisukumwa kidogo tu huzama mpaka chini, na havihitajiki hata vyombo kuwapima.

"Hakuna maji hapa, mkuu. Nilikuuliza."

"Nimeuliza nani alikuruhusu. Kuna maandishi?"

Hayakuwepo. Mkuu, sasa akiwa ameshika ardhi ngumu, akaongeza kwamba hata hilo la jua ni maneno matupu. Nani alishuhudia? Mtu anaweza kuamka na ugomvi wa nyumbani akaja kusimamisha barabara ya watu. Mumewe yuko kwenye rola, labda wamekosana. Fasta alicheka kidogo, kwa adabu, jinsi mtu anavyocheka mzaha wa mwenye kalamu.

Ndipo mama mkwe alipoingia. Alikuwa amevaa khanga zake za kutokea, zile za kwenda nazo kwenye misiba mikubwa, na viatu vya kufunika vya mkwewe vilivyombana mpaka anatembea kwa kuchagua. Hakuna aliyemwita. Alikuwa ameuliza njia kwa walinzi wawili, na mmoja alimwambia huduma za wazee haziko hapa.

Fasta, kwa mazoea, alimpa shikamoo. Aliitikia, akamgeukia mkuu.

"Mimi ndiye niliyeitoa mikebe," alisema. "Nilikuwa namfulia mjukuu. Nikishaanika nguo naiacha palepale ukutani mpaka nguo zikauke, ndipo nairudisha. Shati likikauka, na mkebe umekauka. Unataka shahidi, mimi hapa."

Pangeweza kufuata kilio au kicheko, na Fasta akachagua kicheko. Alisema kwamba amejenga barabara nyingi lakini hii ndiyo ya kwanza kuanikwa kamba moja na kaptula za shule. Karani wa chumba cha pili alichungulia. Kicheko kilipita kwenye korido kikaenda mpaka getini.

Mama mkwe alisimama hapohapo hadi kilipoisha. Aliikaza khanga yake kiunoni. "Cheka, baba," alimwambia Fasta. "Mimi sikujua. Wewe je, ulipomwambia mwanangu jua litakaza?"

Fasta aliacha kucheka. Mkuu aligeuza uso upesi, akamtazama, akauliza jua lipi. Fasta alisema si lolote, maneno ya kazini tu. Lakini mkuu, pamoja na uoga wake, hakuwa mjinga, na alijua kwamba karatasi yenye jina lake chini ingekaa kwenye faili miaka mingi kuliko Fasta atakavyokaa kwenye mji huo. Alifunga kalamu.

Alitoa maagizo akitazama dirisha. Kifusi kingine kichukuliwe kutoka kipande kilekile, yeye mwenyewe akiwepo. Maji yaletwe na gari la mkandarasi. Mikebe ilazwe humu, chumba kifungwe. Kazi mbele ya soko isimame mpaka hapo. Na fundi avue koti la maabara, aache funguo mezani, akae nyumbani akisubiri barua.

Koti lilikuwa na kifungo kimoja kigumu. Alihangaika nacho mbele ya wote watatu, na hakuna aliyegeuza uso kumsitiri. Mama mkwe ndiye aliyesogea akamfungulia.

*

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko kawaida yake. Vibarua wa kipande cha mbele ya soko walirudishwa makwao, na mtaani kila mtu alijua sababu. Dukani fundi aliulizwa kama ana sabuni ya kufulia barabara. Dereva wa greda alipita mbele ya nyumba yao bila kusalimu, kisha akarudi akapita tena ili ionekane kwamba hakusalimu. Mume aliamka alfajiri kwa mazoea, akavaa buti, akaketi nayo uani.

Aliyemsemesha hakuwa mkewe, alikuwa mama yake. Alimwambia, huku akichambua mchele, kwamba alilea mwana anayeweza kubeba chochote, kumbe kicheko ni kizito mno kwake. Mume aliinuka akatoka. Jioni alirudi, akasimama mlangoni mwa chumba, akasema kwamba amemwona mkuu na amemweleza jinsi kifusi kinavyonata, machimbo yaliyobadilishwa, na maneno ya Fasta. Alisema hivyo tu. Mke alimsogezea nafasi kitandani.

Asubuhi ya kipimo walikwenda wote watatu. Fundi hakuruhusiwa kuingia. Aliketi kwenye benchi la korido, mama mkwe ubavuni mwake, mlango ukiwa wazi nusu. Mume alibaki getini pamoja na vibarua waliokuja kusikia hatima yao, na kati yake na wao palikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni.

Mkuu alizungusha mpini mwenyewe. Alikuwa na mkono mzuri, fundi alikiri moyoni, wenye mwendo uleule mwanzo hadi mwisho. Lakini aliisikiliza mashine kuliko alivyoitazama: kifusi kigumu kinapobonyezwa hutoa mkwaruzo, kama meno juu ya mchanga. Alingoja mkwaruzo. Haukuja. Mpini ulizunguka laini kabisa, bila sauti, na mabega ya mkuu yakashuka kidogo kidogo pamoja na nguzo ya chuma. Nguzo ilikuwa inaingia kama kwenye mkate uliomwagikiwa chai.

Mkuu hakudanganya. Mikebe yote mitatu aliisoma kwa sauti, karani akaandika, na alipomaliza alisema kwamba kipande hakifai. King'olewe chote, kijazwe upya kwa gharama ya mkandarasi. Kisha akatoka, akasimama mbele ya benchi na bahasha.

"Matokeo ni matokeo," alisema. "Na kanuni ni kanuni. Ulitoa sampuli nje."

Fundi alipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alimwambia ahsante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na mkuu akaangalia pembeni, kwa sababu alijua kwamba hakustahili.

Getini mambo yalikuwa yamegeuka. Fasta, ambaye alijua kuruka kutoka upande hadi upande bila kugusa maji, alikuwa amekwisha kuwatangazia vibarua kwamba kipande chote kinang'olewa na kulazwa upya, kwa hiyo kazi imeongezeka. Wanaanza sasa hivi, fasta. Watu walishangilia. Dereva wa greda alimpigia fundi makofi, akamwita shemeji, akasema mama wa namna hii wangekuwa kumi, vibarua wasingelala njaa. Mwingine alimbariki mama mkwe na sabuni yake. Hakuna aliyeuliza bahasha ina nini.

Mume aliiona. Aliitazama bahasha, akautazama uso wa mkewe, na Fasta akamwita, rola inangoja. Hakusogea. Fasta akamwita tena, akasema kama hataki yuko mwingine.

"Nenda," mke alimwambia. "Nenda, baba watoto. Sasa umebaki wewe."

Mume alikaza kamba za buti. Akawapita wenzake waliokuwa wanacheka, akapanda rola, na akakaa mgongo umenyooka kuliko kawaida, bila kugeuka nyuma.

Wanawake wawili walishika njia ya kurudi, wakipita kando ya kipande cha mbele ya soko, ambapo greda lilikuwa limeshusha meno yake na kuanza kukipasua kile kifusi chekundu. Mama mkwe alitembea kwa shida ndani ya viatu visivyo vyake. Walipofika mahali ambapo kelele za mashine zilipungua, aliuliza, bila kumtazama, kama kweli kilikuwa kibovu.

"Kilikuwa kibovu, Mama."

"Na wamekufukuza."

"Wamenifukuza."

Mama mkwe alivua viatu vyote viwili, akavishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mkwewe juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Basi kaza mwendo," alisema. "Wasije wakatuona tunalia."